Kwa nini rangi inakataa kukaa kwenye fanicha ya zamani

Mwaka juzi nilichukua kabati la vyombo la bibi, lile la milango miwili na droo mbili chini, nikalipaka rangi nyeupe. Rangi yenyewe ilikuwa ile silki ya maji iliyobaki tulipopaka sebule, nikaona kununua nyingine ni kutupa hela wakati nusu ndoo ipo stoo. Nikafuta vumbi, nikapiga makoti mawili, Jumapili jioni kabati linawaka hadi jirani kaja kuuliza nimenunua wapi. Wiki ya pili naamka nakuta katikati ya milango, karibu na vishikio, kuna madoa ya pinki yanayoelekea kahawia kama mtu kamwagia juisi ya rozela. Nikapaka koti la tatu, yakarudi. La nne, yakarudi tena, alafu huku pembeni rangi ikaanza kubanduka, yani unaishika kwa kucha unavuta inakuja kipande kizima kama plasta ya kidonda.

Akaja fundi seremala mmoja mzee kunirekebishia mlango wa jikoni, akaliona, akakwangua kidogo kwa kucha, akauliza, "Chini ya hii rangi yako kulikuwa na nini?" Nikamwambia mbao. Akacheka sana, tena sio kile kicheko cha kuficha.

Hilo swali ndo nimekaa nalo toka siku hiyo, na nimegundua karibu kila mtu anayeharibu fanicha nyumbani anaanzia palepale nilipoanzia mimi. Tunaenda hadiwea tunauliza nipake rangi gani, ipi inang'aa, ipi bei poa, wakati fanicha ya zamani haiko uchi. Kuna kitu kilishapakwa juu miaka hiyo, na juu ya hicho kitu kuna miaka mingine ya polishi, mafuta, moshi wa jikoni na mikono ya watoto. Rangi yako mpya haitakutana na mbao kabisa, itakutana na hivyo vyote, na kama haipatani navyo hata ungenunua ya bei gani itakukimbia tu.

Sasa hivyo vinavyopakwa juu ya mbao vinachanganya watu kwa sababu vyote vinang'aa na mtaani vyote vinaitwa vanishi au polishi, lakini vinakauka kwa namna mbili tofauti kabisa, na ukishaelewa hapa mengine yote yanakuwa rahisi. Namna ya kwanza ni kama sukari kwenye maji. Ukiyeyusha sukari ukaacha maji yakauke, sukari inabaki kwenye sahani, ukimwagia maji tena inayeyuka upya. Ndivyo ilivyo shelaki na ndivyo ilivyo laka ile ya kawaida wanayopuliza mafundi kwa kompresa. Namna ya pili ni kama yai, ukishalikaanga huwezi kulirudisha likawa bichi hata ulilowekeje. Humo wamo vanishi ya mafuta, rangi ya mafuta, poliyurethani (vanishi ngumu ya plastiki), na zile laka za kuchanganya na hadina, yaani ile dawa ya kuzifanya ziwe ngumu. Hizi haziishii kukauka tu, zinageuka kuwa kitu kingine: ile ya mafuta inavuta hewa ya oksijeni inajifunga yenyewe, ile ya hadina inajifunga na hadina.

Shelaki wengi hawaijui kwa jina ila wameishi nayo. Ni utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wanaokaa kwenye matawi ya miti, wengi wako India na Thailand, unasafishwa unauzwa kwa magamba membamba ya rangi ya asali. Fundi analoweka kwenye spiriti hadi yayeyuke, alafu anapaka kwa tambara lililofungwa kama kidonge, anasugua anasugua, leo koti nyembamba, kesho nyingine. Ukisikia mzee anasema "polishi ya tambara" mara nyingi anamaanisha hiyo. Inapendeza kuliko kitu chochote kwa maoni yangu, ila ukiweka chupa ya spiriti juu yake au kikombe cha moto, alama hiyo hapo.

Kujua umebeba ipi hakuhitaji mtaalamu. Tafuta sehemu isiyoonekana, chini ya meza au nyuma ya mguu, osha kwanza na maji ya sabuni ukaushe, alafu chukua pamba yenye spiriti ile ya duka la dawa uigusishe hapo kama dakika moja. Ikinata, ikilainika, pamba ikatoka na rangi ya chai, ni shelaki. Isipofanya kitu, jaribu na thina ya laka, ile ya kuzimulia laka, sehemu nyingine pembeni. Ikiyeyuka vizuri ni laka. Kama thina imeifanya ivimbe na kujikunja bila kuyeyuka, au haijafanya chochote, uko kwenye kundi la mayai. Usianze na thina kwa sababu thina inayeyusha shelaki pia, utadanganyika. Kipimo kizima dakika tano na mia tano ya pamba, na mimi nilikiruka nikapoteza wiki tatu.

Nilipokuja kupima lile kabati (baada ya aibu) nikakuta shelaki, na hapo ndo kitendawili cha madoa kikafunguka. Kabati ni la mkangazi, na mkangazi kama zilivyo mbao nyingi zenye wekundu una tanini, ile kitu inayofanya chai iwe na ukali na iache rangi kwenye kikombe. Tanini inayeyuka kwenye maji. Mimi nimepaka rangi ya maji, maji yakaingia kwenye mbao, yakachukua rangi yake, na yalipokuwa yanakauka kuelekea nje yakaja nayo juu. Kila koti niliyoongeza ilikuwa ni kuongeza maji mengine ya kuvuta doa, yani nilikuwa naichemsha chai mwenyewe alafu nashangaa imekolea. Na kwa nini madoa yalitoka karibu na vishikio tu? Kwa sababu pale ndipo mikono ya familia nzima imeshika kwa miaka hadi shelaki imelika imeisha, mbao iko wazi. Pembeni kulikobanduka ni kinyume chake, huko shelaki ilikuwa nzima, tena imefunikwa na nta na mafuta ambayo bibi alikuwa anayapaka kila sikukuu ing'ae. Rangi ilikosa pa kushika. Kwaiyo kabati moja, rangi moja, makosa mawili tofauti yaliyotokana na kitu kilekile kuwepo hapa na kutokuwepo pale.

Hayo mafuta na nta niyaseme kidogo maana ni ugonjwa wa nyumba nyingi. Wengine wanafutia kabati mafuta ya taa, wengine mafuta ya nazi, siku hizi kuna zile polishi za kupuliza zenye harufu ya limao ambazo nyingi zina silikoni. Silikoni ni balaa. Ukipaka vanishi au laka juu yake inafunguka vishimo vya duara vidogovidogo kama ngozi yenye chunusi zilizopasuka, na ukiongeza nyingine inakimbia vilevile. Dawa ni kuosha kabla ya kupiga msasa, na naomba hapo kwenye kabla uparudie mara mbili, kwa sababu ukianza na msasa unayasukuma yale mafuta yaingie kwenye mikwaruzo, umeyazika ndani badala ya kuyatoa. Maji ya sabuni kwanza, ikauke, alafu tambara lenye tapentaini, unageuza upande safi kila mara, ukiona tambara halitoki chafu ndo unashika msasa.

Kwenye msasa kama unapaka rangi juu ya kitu cha zamani kilichoshika vizuri huna haja ya kufika kwenye mbao. Watu wanajiua bure. Unachotaka ni kuua kile king'ao tu, msasa namba 180 au 220 unatosha, uso ukiwa kama ubao wa darasani umefika. Kama unataka kuifikia mbao yenyewe upake vanishi, hapo unaanzia namba 80 au 100, unapanda 120, 180, unamalizia 240, na unafuata mkondo wa nyuzi za mbao, sio kuzungusha mkono kama unaosha sufuria. Mikwaruzo ya kukata nyuzi huioni ikiwa kavu, ukishapaka vanishi inajitokeza yote.

Na kabla hujaweka namba 80 kwenye kitu chochote angalia ukingo wake. Kama michirizi ya mbao ya juu haiendelei ikageuka pembeni, hiyo ni vinia, ngozi ya mbao nzuri iliyobandikwa juu ya mbao ya kawaida au ya chipubodi, na vinia za siku hizi nyingi hazifiki hata milimita moja. Mpita njia na mashine ya msasa anaitoboa kwa sekunde chache, na ukishatoboa hamna dawa zaidi ya kupaka rangi ya kufunika. Chipubodi nayo ikiwahi kunywa maji inavimba kama mkate kwenye chai na hairudi, hiyo usiipotezee rangi, badilisha kipande.

Mbao nazo zina tabia zao. Paina, hizi zinazokuja kwa wingi kutoka Sao Hill kule Mafinga, vifundo vyake vina utomvu unaopenya kwenye rangi nyeupe ukatoka kama madoa ya njano, tena hata miezi baadaye. Msaji una mafuta yake ya asili, ndo maana unavumilia mvua, lakini mafuta hayohayo yanachelewesha vanishi kushika, mafundi wanaufuta kwa thina na kupaka palepale kabla mafuta hayajapanda tena juu. Mninga ukishaukwangua ukaona ile rangi yake ya asali na michirizi, mimi siwezi kukushauri uupake rangi ya kufunika, samahani, kila mtu na kwake lakini hiyo ni dhambi ndogo. Mpaka mti wa mninga ufikie kupasuliwa mbao ni miaka mingi sana porini, wewe unaufunika na kijivu kwa sababu umeona kwenye simu.

Kingine angalia kama chini ya fanicha kuna unga laini kama wa muhogo na vitundu vya saizi ya kichwa cha pini. Hao ni bungua. Rangi na vanishi zinazuia wadudu wapya wasitage ila hazimuui aliye ndani, yeye anaendelea kula taratibu alafu siku moja anatoboa rangi yako mpya anatoka zake. Piga dawa ya wadudu wa mbao kwanza, kwa brashi na kwa sindano kwenye vitundu, iache ikauke, ndo uzibe kwa fila.

Sasa ukishajua kilichopo, kuna habari njema ambayo watu hawaambiwi: kama kipimo kimesema shelaki au laka, huenda huhitaji kubandua chochote. Si tulisema ni kama sukari? Basi shelaki iliyopauka na kupasuka vinyufa unaweza kuiosha alafu ukapitisha brashi laini yenye spiriti kidogo, ile ya zamani inalainika inajiunganisha upya, vinyufa vinafunga. Unaongeza koti moja nyembamba ya shelaki mpya juu, zinashikana zikawa kitu kimoja. Kitanda cha mjomba kiliokolewa hivyo kwa asubuhi moja. Vanishi ya mafuta huwezi kuifanyia hivyo, yai ni yai, hiyo ikichakaa ni msasa na kupaka juu, au kubandua yote.

Kubandua kwa rimuva, ile dawa ya kupaka rangi ikavimba ukaikwangua, fanya nje. Uani kabisa, sio barazani umefunga geti. Nyingine zina kemikali inaitwa dikloromethani, Marekani mwaka 2019 walipiga marufuku dawa za kubandua rangi zenye hiyo kitu zisiuzwe kwa watu wa kawaida kwa sababu kuna watu walikufa wakibandua rangi kwenye mabafu, mvuke tu. Na kama fanicha ina rangi ya zamani sana, tabaka juu ya tabaka, usiikwangue kavukavu wala usiipige mashine ya msasa, zamani rangi nyingi ziliwekwa madini ya risasi na vumbi lake linaharibu ubongo wa mtoto. Lowesha, kwangua ikiwa mbichi, kusanya kila kipande, watoto na kuku wakae mbali. Hata vumbi la mbao tupu sio la kuchezea, linatajwa miongoni mwa visababishi vya saratani ya pua kwa mafundi, vaa barakoa.

Nani apakwe juu ya nani? Sheria moja nimeikariri: thina kali haikai juu ya rangi ya mafuta. Laka ina thina kali, ukiipuliza juu ya rangi ya mafuta thina inazama, inavimbisha ile ya chini, inajikunja yote kama uso wa maziwa yaliyochemka. Kinyume chake, rangi ya mafuta juu ya laka iliyopigwa msasa, hakuna shida. Rangi ya maji juu ya kitu cha mafuta inaweza kukaa, mradi umeua king'ao na umepitisha praima, ile rangi ya kwanza ya kushikilia. Na pale ambapo hujui umesimama wapi, au una tanini, au vifundo vya paina, au unahisi kuna silikoni, shelaki ndo msuluhishi. Inashika karibu kila kitu na karibu kila kitu kinaishika, makoti mawili membamba yanaweka ukuta kati ya mambo ya zamani na rangi yako. Isipokuwa ukitaka kupaka poliyurethani juu yake, tafuta shelaki iliyotolewa nta, ile yenye nta poliyurethani haiipendi.

Kuna zile video za mama mmoja wa Ulaya anapaka kabati bila msasa bila praima, inakaa, kila mtu kwenye komenti anasema wow. Hiyo ni rangi ya chaki, aliianzisha Mwingereza Annie Sloan mwaka 1990, imejaa unga ndo maana inakwaruza na kushika. Watu huku wanachanganya silki ya maji na unga wa plasta ya POP wanapata kitu kinachofanana. Sio mbaya, nimejaribu kwenye stuli, lakini video inakatwa kabla hujaona kwamba rangi hiyo inanyonya kila uchafu hadi upake nta juu, na nta kwenye joto la Dar ukiweka sufuria ya wali inaacha duara. Na tanini haijali kama rangi ni ya chaki, inapenya vilevile.

Hali ya hewa nayo ni fundi mwenzako. Masika usipulize laka. Thina inaporuka haraka inapoza uso wa mbao, unyevu wa hewani unagandia pale kama jasho kwenye chupa ya soda, na laka inageuka nyeupe kama ukungu. Ikitokea usitupe, subiri siku kavu upitishe thina nyepesi, mara nyingi inasafika, maana ni sukari ileile. Jua kali nalo baya, ngozi ya juu inakauka kabla ya chini, mapovu yanatoka. Mimi napaka kivulini kuanzia saa tatu asubuhi umande ukishaisha.

Alafu subira. Rangi ya mafuta ukiigusa kesho yake ni kavu, ila kuiva bado, inachukua wiki tatu hadi mwezi kuwa ngumu kwelikweli. Katikati hapo ndo tunapoharibu. Tunarudisha vyombo, tunafunga milango inanata, tunatandika kile kitambaa cha plastiki cha meza chenye maua. Kile kitambaa kina mafuta ya kukilainisha, yanahamia kwenye rangi yanailainisha pia, ukija kukitoa kinatoka na rangi na maua yamejichapa kwenye meza. Na kama umepaka mbao mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani), matambara uliyofutia usiyakunje ukayatupa kwenye kona, yanapojifunga na hewa yanatoa joto, yakiwa yamefumbatwa yanaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Yatandaze nje kwenye waya au yaloweke kwenye ndoo ya maji.

Kabati la bibi nimelibandua lote, nikaosha, nikapiga msasa, makoti mawili ya shelaki, mwili nimeupaka glosi ya mafuta ya kijani iliyokolea na milango nimeiacha na shelaki yake mkangazi uonekane. Mama kaja wiki iliyopita kaliangalia, kaligusa, akatoa kwenye mkoba kitambaa cha plastiki cha maua alichokinunua makusudi kwa ajili ya juu yake. Nimemwambia asubiri mwezi. Hajanijibu, amekikunja akakitundika kwenye kishikio cha mlango, na kila akipiga simu anauliza leo tarehe ngapi.